Viatu vya peku vya kila siku: tazama vidole kwanza, soli baadaye

Viatu vya peku ni viatu vinavyouacha mguu ufanye kazi kana kwamba hujavaa kitu. Soli yake ni nyembamba na inakunjika, kisigino kiko usawa mmoja na mbele, na upana wa mbele unatosha vidole kutanuka. Siku hizi vinatengenezwa kwa kila sura: raba, buti, sendo, hata viatu vya ngozi vya kuvalia suti. Anayeanza kuvitafuta kwa kawaida huuliza kwanza soli ina milimita ngapi. Kwangu hilo ni swali la tatu au la nne. La kwanza ni kwamba vidole vyako vitakaa wapi.

Kiatu chenye soli ya milimita 4 kilichochongoka mbele kitakubana kama kiatu kingine chochote, na juu ya hapo utahisi kila kokoto. Kiatu cha milimita 9 kilicho bapa na kipana utakivaa asubuhi hadi jioni na kusahau kama umekivaa. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye umbo la mguu, na unene wa soli utakuja baadaye.

Hatua ya 1: Pima mguu, usitegemee namba ya kiatu cha zamani

Pima jioni, kwa sababu mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, na vaa soksi unazokusudia kuvaa na viatu hivyo. Bandika karatasi sakafuni ikigusa ukuta. Simama juu yake, kisigino kikigusa ukuta, uzito wako ukiwa kwenye miguu yote miwili. Mwombe mtu akuchoree, maana ukiinama kujichorea mwenyewe uzito unahama na umbo la wayo linabadilika. Penseli isimame wima. Ikilalia ndani chini ya wayo, itakula milimita kadhaa kila upande, na hizo ndizo milimita zinazoamua kama kiatu kitabana.

Ukishapata mchoro, chukua vipimo vitatu. Urefu ni kutoka ukutani hadi ncha ya kidole kirefu kuliko vyote, ambacho si lazima kiwe gumba. Kwa baadhi ya watu ni cha pili. Upana wa kwanza upime penye mafundo ya vidole, pale mguu unapokunjika ukitembea. Upana wa pili upime kwenye vidole vyenyewe, kutoka ukingo wa nje wa gumba hadi ukingo wa nje wa kidole kidogo. Majedwali mengi ya saizi hutaja upana wa kwanza tu, au hayataji upana kabisa. Huo wa pili ndio unaotenganisha kiatu cha peku cha kweli na kiatu bapa cha kawaida.

Pima miguu yote miwili ufuate ule mkubwa. Halafu rudia upana wa vidole ukiwa umevitanua kwa makusudi. Aliyevaa viatu vyembamba kwa miaka vidole vyake huwa vimesongamana, na akianza kuvaa viatu vipana huanza kuachana taratibu. Ukinunua kiatu kinachokutosha leo bila ziada yoyote, huenda baada ya miezi kadhaa kidole kidogo kikaanza kusugua ukuta wa kiatu.

Juu ya urefu wa mguu ongeza milimita 8 hadi 12. Mguu hurefuka kidogo unapoukanyagia uzito na husogea mbele unapotembea, hivyo nafasi hiyo si ya kupwaya. Katika namba za Ulaya, kila namba huongeza kama milimita 6.7, za Uingereza na Marekani huongeza kama milimita 8.5 kwa namba nzima na 4.2 kwa nusu. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa "katikati" katika mfumo mmoja na kupata saizi yake sawasawa katika mwingine. Usibishane na namba. Tafuta urefu wa ndani wa kiatu kwa milimita, ambao watengenezaji wengi wa viatu hivi huuandika kwa kila saizi, ulinganishe na kipimo chako.

Hatua ya 2: Kata mchoro uutie ndani ya kiatu

Hatua hii wengi huiruka, nami naithamini kuliko zote. Chukua mkasi, kata ule mchoro wa mguu, kisha toa soli ya ndani ya kiatu unachokifikiria. Laza karatasi juu yake, visigino vikilingana. Tazama pembe mbili: pale gumba linapoishia na pale kidole kidogo kinapoishia. Karatasi ikichomoza nje ya soli kwenye mojawapo ya pembe hizo, hapo ndipo kiatu kitakapokusukuma kidole ndani, hata kama urefu umetosha.

Kama soli ya ndani imegundishwa haitoki, sukuma karatasi ndani ya kiatu na upapase kwa vidole vya mkono. Ukiona imekunjika kando au imeinuka kama ukuta, rudisha kiatu.

Kwa njia hii utagundua kwamba upana unaodaiwa kwenye maelezo ya kiatu mara nyingi ni upana wa penye mafundo. Kiatu kinaweza kuwa kipana penye mafundo kisha kikaanza kuchongoka kuelekea katikati, kana kwamba kidole chetu kirefu kuliko vyote ni cha tatu. Mguu wa mtu hauko hivyo. Upande wa ndani unakwenda karibu moja kwa moja hadi ncha ya gumba, halafu mstari unashuka kwa mshazari kuelekea kidole kidogo. Kiatu kizuri kinafuata mshazari huo, na ukitazama jozi kutoka juu utaona wazi upi wa kulia na upi wa kushoto.

Hatua ya 3: Kikague mkononi

Weka kiatu mezani ukitazame kwa ubavu. Kisigino na sehemu ya mbele viwe usawa mmoja. Katika raba nyingi za kukimbilia kisigino kimezidi mbele kwa milimita 8 hadi 12, na katika viatu vya ofisini zaidi ya hapo. Usidanganywe na soli inayoonekana bapa kwa nje, kwa sababu kuna viatu vyenye kabari iliyofichwa ndani, chini ya soli ya ndani. Ingiza mkono upapase. Tazama pia ncha: ikipinda sana kwenda juu, vidole vyako vitaishi vimeinuliwa na havitapata kushika ardhi.

Sasa kikunje. Kiatu kikunjike penye mafundo ya vidole, si katikati ya wayo, na kikunjike kwa mkono mmoja bila kukaza meno. Kisha kisokote kwa mikono miwili kama unakamua nguo. Kikikataa, ndani yake kuna ubao au kipande kigumu cha plastiki. Bonyeza nyuma ya kisigino: kipande kigumu cha kushika kisigino si cha lazima, na kama kipo kisiwe cha kuchoma. Ndani, papasa kama kuna kinundu cha kuinua upinde wa wayo. Ikiwa kiko kwenye soli ya ndani inayotoka, unaweza kukiondoa. Kama ni sehemu ya kiatu chenyewe, hicho si kiatu cha peku.

Mwaka 2015 wataalamu 42 kutoka nchi 11 walikubaliana kuhusu maana ya kiatu cha aina hii na namna ya kukipa alama. Walitaja mambo matano: uzito, unene wa soli, tofauti ya kimo kati ya kisigino na mbele, kukunjika, na kutokuwepo kwa vifaa vya kuuzuia mguu kuyumba. Ili kiatu kipate alama za juu kabisa, soli iwe chini ya milimita 8 na uzito chini ya gramu 125 kwa kiatu kimoja. Orodha nzuri, lakini upana wa vidole haumo. Kiatu kinaweza kupata alama nzuri kabisa na bado kikakusonga vidole. Ndiyo sababu nimeanza na karatasi na mkasi.

Kinyume chake pia kipo. Kampuni ya Altra, kwa mfano, ilijulikana kwa raba zilizo bapa kisigino na mbele, zenye nafasi ya vidole, ila soli zake nyingi ni sponji nene. Si viatu vya peku kwa maana kamili, lakini kwa mtu anayesimama juu ya zege saa nane kwa siku na bado hajazoea, ni daraja la kupitia. Sioni aibu katika hilo.

Hatua ya 4: Sasa ndiyo uzungumzie unene wa soli

Amua kwa ardhi unayokanyaga. Kwa sakafu laini, zulia na vigae, milimita 3 hadi 5 zinatosha na zinapendeza. Kwa lami, zege na vijia vya kokoto siku nzima, anayeanza atafute milimita 6 hadi 10 akijumlisha na soli ya ndani. Uliza kama kipimo kilichoandikwa kinajumlisha meno ya soli na soli ya ndani, maana kila mtengenezaji ana hesabu yake.

Ukinunua kiatu chenye soli ya ndani inayotoka umepata viatu viwili. Unaanza nayo, na ukishazoea unaitoa. Wakati wa baridi unaweza kuweka ya sufu au ya manyoya, kwa sababu soli nyembamba hupitisha ubaridi wa ardhi upesi sana. Hakikisha tu kwamba hiyo nene haikuli nafasi ya mgongo wa mguu.

Hatua ya 5: Vaa, tembea, chuchumaa

Vaa ukiwa umesimama. Inua vidole, vitanue, vishushe. Kama huwezi kuvitanua, acha hapo hapo; usikubali ahadi kwamba "kitaachia". Ngozi huachia kidogo kwa upana, lakini kwa urefu haiachii, na kitambaa cha kutengenezwa kiwandani hakiachii sana upande wowote.

Kisha panda na kushuka ngazi. Ukishuka, vidole visigonge mbele. Ukipanda, kisigino kinaweza kuchomoka kidogo, lakini kisitoke. Kikitoka, jaribu kukaza kamba kwenye mgongo wa mguu kabla ya kupunguza namba. Ukipunguza namba ili kisigino kishike, unawatoza vidole deni la kisigino. Chuchumaa pia, usikie kama ukingo wa juu unakata kifundo cha mguu.

Mwenye mgongo wa mguu ulioinuka achague kiatu cha kamba au cha mkanda. Viatu vya kutumbukiza mguu bila kamba ndivyo vigumu kuliko vyote kupata saizi yake: vikishika vizuri mara nyingi vinabana, visipobana vinapwaya. Jozi ya kwanza iwe na kamba.

Ukiagiza kwa njia ya mtandao, vaa ndani ya nyumba juu ya sakafu safi, na usome masharti ya kurudisha kabla ya kulipa, siyo baada ya kukata lebo zote za kiatu.

Hatua ya 6: Mtindo

Malalamiko ninayoyasikia zaidi si ya maumivu. Watu wanasema viatu hivi vina sura ya mguu wa bata. Kuna ukweli hapo, lakini tatizo kwa kawaida ni rangi na mistari, si upana wenyewe.

Soli nyeupe chini ya kiatu cheusi inachora mpaka kuzunguka vidole, na jicho linakwenda pale pale usipotaka. Soli ya rangi moja na kiatu inaumeza upana. Ngozi isiyong'aa inaficha kuliko inayong'aa. Mshono unaokatisha vidoleni kwa upana unakifupisha kiatu na kukifanya kionekane kipana zaidi. Mshono unaokwenda kwa urefu, au kutokuwepo kwa mshono kabisa, unakirefusha. Tazama pia ukingo wa soli: ukichomoza nje ya ngozi kote kote, umejiongezea upana ambao mguu hauuhitaji.

Halafu suruali. Suruali ya kubana miguu chini huacha kiatu peke yake, nacho kinaonekana kama kasia. Suruali iliyonyooka au pana kiasi, inayolalia kamba za kiatu, inarudisha uwiano. Ila kumbuka umepoteza kisigino. Suruali zilizokatwa kwa kiatu cha kisigino cha sentimita 3 zitaburuta, kwa hiyo kabla ya kukilaumu kiatu kipya, zipeleke kwa fundi cherehani azipunguze. Kwa gauni na sketi, kiatu bapa kilicho wazi juu ya mgongo wa mguu hurefusha mguu kuliko kile kinachofunika hadi kifundoni. Aliyezoea mchuchumio atahisi amefupika kwa wiki chache. Ni hisia ya haki, kwa kuwa kweli amefupika.

Kwa ofisini, buti fupi la ngozi lenye lastiki ubavuni au kamba ndilo rahisi kuliko yote. Shina lake linapanda juu ya kifundo, suruali inalifunika, na upana wa mbele unaonekana kuwa sehemu ya muundo. Kiatu cha ngozi cha kamba, cheusi au kahawia iliyoiva, kinafuata. Raba ya ngozi ya rangi moja inafaa karibu kila mahali pasipo na masharti makali ya mavazi. Viatu vyenye vidole vilivyotenganishwa, kama FiveFingers za Vibram, ni vizuri kwa mazoezi. Kwa harusi, sijamwona bado aliyefaulu kuvivaa bila kuulizwa.

Kama unanunua jozi moja tu kwa sasa, chukua nyeusi au kahawia iliyoiva, ya ngozi, yenye kamba, soli ya rangi ile ile. Rangi za kuchangamka zisubiri jozi ya pili, ukishajua kampuni ipi inatengeneza umbo linalolingana na mguu wako. Xero Shoes, Vivobarefoot, Be Lenka na wengine wote wanauza viatu vya aina hii, lakini kalibu zao si moja, na hata ndani ya kampuni moja aina mbili zinaweza kutofautiana. Sifa za rafiki yako kwa kiatu chake zinakueleza habari za mguu wake.

Hatua ya 7: Zoea taratibu

Mguu una mifupa 26 na misuli ambayo huenda kwa miaka imebebwa na viatu vinene. Ukishusha kisigino ghafla, ukano wa nyuma ya kisigino na vigimbi vinavutwa kuliko vilivyozoea. Wiki ya kwanza vaa nusu saa hadi saa moja kwa siku, ukitembea tu, kisha uongeze kidogo kidogo kila siku chache. Nyumbani tembea peku. Simama kwa ncha za vidole na kushuka polepole, mara kadhaa kwa siku. Uchovu wa vigimbi ni wa kawaida. Maumivu makali ya sehemu moja juu ya mguu, karibu na mifupa inayoelekea vidoleni, si ya kawaida: acha kuvaa, na yasipotulia muone daktari.

Tahadhari hii ina ushahidi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, wakimbiaji waliohamia FiveFingers kwa wiki 10 walipigwa picha za miguu, na 10 kati ya 19 walionyesha ongezeko la uvimbe ndani ya mifupa, dhidi ya mmoja kati ya 17 waliobaki na viatu vyao vya kawaida. Hao walikuwa wanakimbia. Kwa kutembea habari ni njema zaidi: utafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool wa mwaka 2021 ulikuta nguvu ya miguu imepanda kwa zaidi ya nusu baada ya miezi 6 ya kuvaa viatu vya aina hii katika shughuli za kila siku. Anza kwa kutembea. Kukimbia ni somo lingine.

Lakini usinunue kwa sababu ya ahadi za tiba. Mwaka 2014 Vibram ilikubali kutenga dola milioni 3.75 kumaliza kesi iliyodai kwamba matangazo yake kuhusu faida za kiafya hayakuwa na ushahidi wa kutosha. Haikukiri kosa, ila pesa ilitoka. Mwenye kisukari ambaye miguu yake imeanza kufa ganzi asivae soli nyembamba bila kuzungumza na daktari, kwa sababu anaweza kukanyaga kitu chenye ncha asijue. Vivyo hivyo mwenye gumba lisilokunjika tena au jeraha la ukano wa kisigino.

Hatua ya 8: Tunza soli

Soli nyembamba haina akiba. Kila mwezi geuza viatu uangalie ukingo wa nje wa kisigino, ambako wengi wetu huanza kumaliza. Kama upande huo unaisha haraka kuliko mwingine, jaribu kufupisha hatua, maana huenda bado unatua kisigino kwa kishindo kama uliyevaa sponji. Angalia pia gundi penye mkunjo wa vidole, kwa sababu ndipo kiatu kinachokunjika sana huachia kwanza. Kishone au kigundishe mapema kabla maji hayajaingia.

Ukimpelekea fundi viatu akibadilishe soli, mwambie mapema, tena mara mbili: bamba la mpira liwe jembamba, la unene mmoja kutoka kisigino hadi ncha, na asiongeze kipande kisiginoni. Kwa mazoea yake atataka kukiongeza, akiona anakusaidia.